Freti zilizopinda, freti zinazohama, na mi ya gitaa isiyotulia

Linganisha nyuzi za gitaa kwa sikio, bila mashine, mpaka kordi ya E meja itulie kabisa, kisha hamia kwenye C. Karibu kila mara utasikia kwamba uzi wa tatu, ule wa G, umeshuka mno, na kordi iliyopaswa kukaa imara inayumba. Ukiukaza uzi huo mpaka C itulie, E inaharibika tena. Wapiga gitaa wengi huzunguka hapo miaka nenda miaka rudi, na kila mmoja ana wa kumlaumu: nyuzi za bei nafuu, shingo iliyopinda kwa jua, fundi, au masikio yake mwenyewe. Mimi hupiga gitaa katika kwaya na hurekebisha magitaa ya wenzangu hapa pwani, na kwa sababu hiyo suala hili limenishika kwa muda mrefu kuliko suala lingine lolote la muziki. Nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu watu waliojaribu kulitatua kwa kubadilisha freti zenyewe, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo: waliozipinda, waliozikatakata, waliozilaza mshazari, waliozifanya zihame. Hoja yangu ni kwamba gitaa lina makosa mawili tofauti ya sauti, kwamba karibu kila ubunifu wa freti unatibu moja tu kati ya hayo mawili, na kwamba asiyejua lipi ni lipi hawezi kuchagua vizuri.

Kosa la kwanza ni la hesabu, na lingekuwepo hata kama gitaa lingeundwa bila dosari yoyote. Kazi ya freti ni kuufupisha uzi kwa kiasi kilichopangwa. Katika gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni, urefu wa uzi unaotetemeka, kuanzia nati iliyo mwanzo wa shingo hadi darajani, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, huwa milimita 650. Fundi huugawa urefu huo kwa 17.817, anapata milimita 36.48, na hapo ndipo panapokaa freti ya kwanza. Urefu uliobaki anaugawa tena kwa nambari ileile, na kuendelea hivyo mpaka freti ya 12, ambayo huangukia katikati kabisa ya uzi na kutoa oktavu. Matokeo yake ni hatua 12 zinazolingana. Wataalamu wa sauti huigawa oktavu katika senti 1200, mfumo uliowekwa na Mwingereza Alexander Ellis katika karne ya 19, kwa hiyo kila freti ina thamani ya senti 100.

Tatizo ni kwamba sauti zinazopatana kiasili hazikai kwenye mamia kamili. Yeyote aliyelelewa katika kwaya zetu, ambako nyimbo hufundishwa kwa do, re, mi hata pale ambapo hakuna anayesoma noti za mistari, anaweza kulihakiki jambo hili bila kipimo chochote. Waimbishe wanakwaya wazuri do, mi na so bila ala, uwaache washikilie mpaka sauti zao zikae pamoja, halafu piga kordi hiyohiyo kwenye gitaa lililolinganishwa kwa mashine. So itakubaliana, kwa kuwa tofauti yake ni senti 2 tu. Mi ya gitaa itasikika juu, imekaza, kama inayotaka kutoka ndani ya kordi. Mi ambayo sauti za binadamu huitafuta zenyewe ina uwiano wa 5 kwa 4 na do, ambao ni senti 386 na kidogo. Mi ya freti iko kwenye senti 400. Karibu senti 14 ni tofauti ambayo sikio la mwanakwaya hulisikia mara moja, ingawa mpiga gitaa aliyeizoea huacha kuisikia kabisa.

Sasa mtu atauliza: kwa nini basi tusiisogeze freti tu? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo linaloeleza maumbo yote ya ajabu nitakayoyataja, kwa hiyo nitalichukua polepole kwa mfano mmoja. Kidole kimoja hukandamiza uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza unapopiga E meja, na noti inayotoka, sol-kali au G yenye alama ya diyezi, ndiyo mi ya kordi hiyo. Ili iwe safi, freti chini ya uzi huo inapaswa kurudi nyuma kuelekea nati kwa karibu milimita 5. Isogeze, na E meja itapendeza kuliko ulivyowahi kuisikia. Kisha weka kidole cha shahada juu ya nyuzi zote kwenye freti hiyohiyo ya kwanza na upige F ndogo, yaani F maina. Uzi wa tatu unakandamizwa mahali palepale, lakini sasa noti hiyo ni ya tatu katika kordi ya huzuni, ambayo kwa usafi wake inahitaji uwiano wa 6 kwa 5, senti 316 karibu, ilhali freti ya kawaida inatoa 300. Hapa freti ingetakiwa kusogea upande wa pili, kuelekea darajani, kwa zaidi ya milimita 5. Mahali pamoja, uzi mmoja, kordi mbili zinazopigwa katika nyimbo za kawaida kabisa, na freti inatakiwa iwe katika sehemu mbili zinazoachana kwa zaidi ya milimita 10, ambayo ni zaidi ya robo ya nafasi yote iliyopo kati ya nati na freti ya kwanza. Hakuna umbo la chuma kisichohama linaloweza kuwa katika sehemu hizo zote mbili. Freti iliyonyooka ya kawaida huamua kusimama katikati na kuzikosea kordi zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na kwa kweli uamuzi huo si wa kijinga.

Mjadala huu ni wa zamani kuliko gitaa tunalolijua. Wapiga luti wa Ulaya, ala inayofanana na udi, walifunga freti za utumbo wa mnyama kuzunguka shingo, na kwa kuwa zilikuwa zimefungwa tu, waliweza kuzisukuma mbele na nyuma walivyotaka. Baadhi yao walifika mbali zaidi: waligandisha vijifreti vidogo chini ya uzi mmoja au miwili ili wapate noti ambayo freti nzima haikuweza kuitoa. Vincenzo Galilei, mwanamuziki wa Florence na baba yake mwanasayansi Galileo, alivipinga vijifreti hivyo. Katika maandishi yake ya mwaka 1581 alipendekeza kanuni rahisi: kila freti iufupishe uzi kwa sehemu moja ya 18.

Kanuni hiyo ya 18 ninaipenda kwa sababu ni kosa lenye faida. Kwa hesabu tupu haifiki. Ukiifuata mara 12 kwenye uzi wa milimita 650, freti ya 12 inaangukia zaidi kidogo ya milimita 2 kabla ya nusu, na oktavu inapungua kwa karibu senti 13. Hata hivyo mafundi waliitumia kwa karne nyingi na wapigaji hawakuandamana, kwa sababu uzi unapokandamizwa huvutika, na kuvutika huko huipandisha sauti, hivyo upungufu wa hesabu ulifidiwa kwa sehemu na kidole chenyewe. Hesabu kamili ya hatua 12 zinazolingana ilikuwa tayari imepatikana upande mwingine wa dunia. Mwanamfalme Zhu Zaiyu wa China aliikokotoa mwaka 1584. Lakini hesabu kamili hudhani kwamba uzi hauna unene, haujui kuvutika, na unakandamizwa na kidole kisicho na uzito.

Hapo ndipo linapoingia kosa la pili, la kimaumbile. Uzi ulioinuka juu ya freti lazima ushushwe ili uiguse, na kila milimita ya kuushusha huongeza mkazo na kuipandisha noti. Uzi mnene una ugumu wake karibu na sehemu unazoshikiliwa, kana kwamba urefu wake halisi ni mfupi kuliko unaoonekana, na hilo nalo hupandisha noti kadiri unavyopanda shingoni. Ndiyo maana ile mfupa ya darajani katika gitaa la nyuzi za chuma huwekwa mshazari, upande wa besi ukiwa mbali zaidi. Ndiyo maana pia Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, ya mwaka 1954 ilitoka na vijidaraja sita, kila uzi na chake cha kusogeza kwa skrubu. Fundi hupiga haramoniki ya freti ya 12, yaani sauti itokayo uzi ukiguswa tu bila kukandamizwa, kisha hukandamiza uzi mahali hapohapo, na kusogeza kijidaraja mpaka noti mbili zifanane.

Marekebisho ya darajani huponya sehemu ya juu ya shingo na kuiacha sehemu ya karibu na nati ikiwa na ugonjwa wake, na kwa magitaa ninayoletewa mimi, huko ndiko kuna shida kubwa. Gitaa la kiwandani la bei ya chini hufika likiwa na nati ambayo mifereji yake haikuchongwa vya kutosha, kwa kuwa kuiacha juu ni salama zaidi kwa kiwanda kuliko kuichonga kupita kiasi. Matokeo ni kwamba uzi unapanda mlima mfupi na mkali kati ya nati na freti ya kwanza. Kandamiza uzi kwenye freti ya tatu na utazame pengo linalobaki juu ya freti ya kwanza: katika gitaa lililowekwa vizuri pengo hilo ni jembamba kiasi kwamba kipande cha karatasi hupita kwa shida, na katika magitaa haya mara nyingi unaweza kupitisha kadi ya simu. Nachukua tupa nyembamba yenye upana wa uzi, nainamisha kidogo kuelekea kwenye vigingi ili uzi utegemee ukingo wa mbele wa nati na si katikati yake, nasugua mara chache, narudisha uzi, napima tena. Kazi hii hutaka subira kwa sababu mfupa ukishaondoka haurudi. Ikikamilika, F ambayo mwenye gitaa alidhani hataiweza kamwe inakaa chini ya kidole, na kordi za freti za mwanzo zinashuka mahali pake kwa senti kadhaa. Nimewaona watu wakisikia E na A za magitaa yao kwa mara ya kwanza kama zinavyostahili, bila freti hata moja kuguswa.

Wapo waliotaka kuipeleka tiba hii ya nati mbele zaidi. Kampuni ya Micro-Frets ya Maryland, Marekani, iliyofanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliuza magitaa yenye nati ambayo kila uzi uliweza kusogezwa peke yake. Baadaye zikaja nati za Earvana zenye vingazi vidogo vya urefu tofauti kwa kila uzi, na mfumo wa Buzz Feiten ambao huisogeza nati karibu kidogo na freti ya kwanza na kuweka viwango maalumu vya kulinganisha nyuzi. Zote zinagusa kosa la kimaumbile kwanza, na nina heshima nazo kwa sababu zinafanya kazi yake bila kubadilisha hata kidogo namna ya kupiga.

Freti za mshazari zimepata umaarufu mkubwa, na mara nyingi husifiwa kwa usahihi wa sauti, kwa hiyo nizitaje kwa kifupi. Ralph Novak wa California alipata hataza yake mwaka 1989, ingawa wazo lenyewe lilikuwepo Uingereza tangu enzi za ofarioni, ala ya nyuzi za chuma iliyokuwa na nati na daraja vilivyolazwa. Katika mpangilio huu freti hutawanyika kama mbavu za feni, nyuzi za besi zikipewa urefu mkubwa kuliko za juu. Faida yake ni ya kweli: uzi mrefu wa besi hufikia noti yake kwa unene mdogo, na uzi mwembamba zaidi hauna ugumu mwingi, hivyo sauti yake ni wazi na sahihi zaidi. Lakini mgawanyo wa kila uzi bado ni uleule wa 17.817. Mi ya kordi yako ya E itabaki juu kwa senti 14 kama zamani.

Freti zilizopinda ndizo zinazomshangaza kila anayeziona. Anders Thidell wa Sweden ndiye aliyezibuni zile zinazojulikana kwa jina la True Temperament, na wapigaji wakubwa kama Steve Vai na Mattias Eklundh wamepanda nazo jukwaani. Ukiitazama shingo yake kutoka juu, kila freti ni wimbi dogo, na hakuna mawimbi mawili yanayofanana. Chini ya uzi mmoja chuma kimesogea kuelekea darajani, chini ya jirani yake kimerudi nyuma, na mapindo hayo ni makali zaidi katika freti za mwanzo, hasa kwenye nyuzi za katikati. Mantiki yake ni safi. Freti iliyonyooka hulazimisha nyuzi sita zenye unene na ugumu tofauti zikubaliane juu ya mstari mmoja, wakati kila makutano ya uzi na freti ni noti yenye mahitaji yake. Zipinde freti, na kila makutano yanaweza kuwekwa mahali pake.

Kwa upande wa kosa la kimaumbile, nakubali kwamba hakuna aliyelitibu kwa ukamilifu kuliko huyu Mswidi, kwa sababu fidia ya darajani na ya nati ni wastani, ilhali yeye anafidia noti kwa noti. Watu wanaopiga jazi, ambao kordi zao hupanda na kushuka shingo nzima, wanasikia tofauti hiyo haraka. Kwa upande wa kosa la hesabu, hata hivyo, sheria ya mfano wangu wa E meja na F maina haikufutwa. Freti hizi zinaweza kutengenezwa kwa hatua 12 zilizo sawa, au kwa mpangilio unaozipendelea funguo zinazotumiwa zaidi na gitaa, ambapo C, G na D hupata mi iliyoshuka kidogo, na funguo za mbali hulipia gharama. Huo ni uchaguzi mzuri kwa mtu anayejua atapiga nini. Wasiwasi wangu ni kwamba uchaguzi huo umefanywa kiwandani na kugandishwa kwenye chuma. Ukiulegeza uzi wa sita hadi D, au ukiweka nyuzi za unene mwingine kabisa, hesabu iliyochongwa kwenye mawimbi hayo haikuhusu tena kwa ukamilifu. Na freti zikilika, kama zinavyolika zote, hakuna fundi wa Tanga wala wa Kisumu anayeweza kukata waya wa kawaida na kuzibadilisha. Ni lazima zitoke kwa mtengenezaji. Kwa mwanamuziki anayeishi kwa kupiga kila wiki hilo si jambo dogo.

Kuna waliokwenda upande wa pili na kuukataa kabisa mgawanyo wa hatua zinazolingana. Mtunzi wa Kimarekani Lou Harrison, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea vipatano safi, alitunga mwaka 2002 kazi ya gitaa ambayo kampuni ya National Reso-Phonic iliiundia gitaa maalumu la chuma lenye freti zilizokatikakatika, kila kipande mahali pa uwiano wake. Vipatano vyake ni vya utulivu usio wa kawaida kwa gitaa. Mi inakaa ndani ya do kama inavyokaa kooni mwa kwaya. Lakini gitaa hilo ni la ufunguo mmoja na jamaa zake wa karibu. Ukiondoka hapo, unaanza kukutana na noti ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yako.

Kwa hiyo, kama chuma kisichohama hakiwezi kuwa katika sehemu mbili, kinachobaki ni kukihamisha, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Hata wazo hili lina mababu. Thomas Perronet Thompson, afisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kuwa gavana wa Sierra Leone kuanzia mwaka 1808, alichapisha mwaka 1829 mafunzo ya gitaa ambalo ubao wa shingo yake ulijaa matundu, na mpigaji alichomeka vijifreti katika matundu aliyoyahitaji kwa ufunguo aliokusudia. Fundi Panormo wa London aliunda magitaa ya aina hiyo. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Walter Vogt aliigawa kila freti katika vipande sita vinavyoteleza, kila uzi na chake, ili kosa la kimaumbile na la hesabu yarekebishwe pamoja kwa mkono.

Aliyeifikisha kazi hii mahali pa kufurahisha zaidi ni Tolgahan Çoğulu wa Istanbul. Gitaa lake, alilolibuni mwaka 2008 na kuundwa na fundi Ekrem Özkarpat, lina mfereji mwembamba chini ya kila uzi, na ndani ya mifereji hiyo hukaa vijifreti vinavyosogezwa, kuondolewa au kuongezwa. Mwaka 2014 lilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya Guthman ya ala mpya za muziki huko Georgia Tech, Atlanta. Baadaye Çoğulu akatoa pia gitaa lenye ubao wa Lego, ambalo vijifreti vyake hubanwa na kubanduliwa kama tofali za kuchezea, na ambalo lilimfanya hata mtoto aweze kugusa kwa vidole vyake kile ambacho vitabu vya nadharia hueleza kwa kurasa nyingi.

Haikuwa bahati kwamba ubunifu huu ulitoka Uturuki. Wapigaji wa huko wamelelewa na bağlama, ambayo freti zake ni uzi wa nailoni uliofungwa shingoni, kwa kawaida 17 katika oktavu moja badala ya 12, na kila mpigaji huzisogeza kwa sikio lake. Çoğulu hakuwa anatafuta tu E meja tamu zaidi. Alitaka gitaa liweze kupiga maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kituruki na Kiarabu, ambamo kuna noti zinazokaa kati ya freti mbili za gitaa la kawaida. Mwenzake Erkan Oğur alikuwa amelitatua jambo hilohilo mwaka 1976 kwa kuziondoa freti zote, na uimbaji wa gitaa lake ni wa kuvutia mno, ila kordi za nyuzi sita kwenye shingo tupu ni adhabu hata kwa mkono hodari.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu kuliko wengi. Katika taarabu ya asili, udi hauna freti, fidla haina freti, na ganuni ina vijiwenzo vya chuma vinavyopandisha au kushusha uzi kwa kiasi kidogo kuliko nusu-toni, yaani hatua ya freti moja. Ala zote tatu zinaweza kuitoa noti ya tatu ya maqamu ya Rasti, ambayo haiko kwenye maina wala kwenye meja bali katikati, au noti ya pili ya maqamu ya Bayati. Gitaa lilipoingia katika vikundi vya taarabu, lilikuja na freti zake zilizonyooka, 12 kwa kila oktavu, na nyimbo za Rasti zikaanza kukutana na mpiga gitaa ambaye ana chaguo mbili tu: aikwepe noti ile, au aipige kimakosa huku fidla ikiipiga sawasawa pembeni yake. Wengi wamechagua kuikwepa kwa ustadi mkubwa, kwa kupiga do na so tu, au kwa kuuvuta uzi kwa kidole mpaka ufike. Lakini uzi unaovutwa hupanda tu, haushuki, na kordi nzima haivutiki.

Gitaa lenye vijifreti vinavyohama linaweza kukaa ndani ya takhti, yaani kundi la wapigaji, ya taarabu bila kuomba radhi. Si lazima mtu anunue la Istanbul. Shingo ya gitaa la zamani inaweza kung'olewa freti zake, mianya yake ikajazwa kwa vipande vya mbao, ubao ukapigwa msasa mpaka ulainike, na freti za nailoni zikafungwa kuzunguka shingo kama za bağlama. Kizuizi ni kwamba uzi wa kufungwa huhamisha freti nzima kwa nyuzi zote sita, kwa hiyo noti ya Rasti kwenye uzi mmoja hukuletea noti usiyoitaka kwenye jirani yake, na wapiga luti wa karne ya 16 walilijua tatizo hili vizuri mno. Vijifreti vya mifereji vinaondoa kizuizi hicho, lakini vinadai ufundi wa kipimo: kijifreti kilichoinuka juu ya wenzake kwa unywele mmoja hugongwa na uzi na kutoa mlio wa kukwaruza, kilichozama hakitoi noti kabisa, na kila kihamishwapo ubao mzima lazima ukaguliwe upya. Tena kuvihamisha huchukua muda, na ukumbini wimbo wa Rasti hufuatwa na wa Hijazi kabla makofi hayajaisha. Kwa kikundi kinachopiga usiku kucha, ninavyoona mimi, njia inayowezekana kwa sasa ni kuwa na magitaa mawili jukwaani, moja la freti za kawaida na jingine lililopangwa kwa Rasti na Bayati, ambazo vijifreti vyake vya robo-toni vinaweza kukaa pamoja kwenye ubao mmoja ikiwa nyuzi za wazi zitachaguliwa kwa uangalifu, D ikiwa ndiyo mzizi wa Bayati na C ukiwa mzizi wa Rasti, kwa kuwa zote mbili hutumia E ileile iliyoshushwa kwa robo-toni.